Binti analala nyuma ya banda langu

SWALI: Mimi ni mama lishe karibu na stendi. Siku ya tatu sasa, nikifika alfajiri kuwasha mkaa namkuta binti wa miaka kama 15 amejikunja nyuma ya banda, kajifunika kiroba. Anasema nyumbani harudi ng'o. Nimchukue kwangu?

JIBU: Dada yangu, mpe uji kwanza, maswali baadaye. Usimbane aseme kilichomkimbiza. Akihisi anahojiwa, kesho hutamkuta. Kisha leo hii piga 116, Simu kwa Mtoto. Haina malipo, na kutoka hapo utaunganishwa na afisa ustawi wa jamii. Ukishindwa kuwapata, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Huruma yako naielewa, ila usimweke nyumbani kimya kimya. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na afisa ustawi ndiye wa kumtafutia pa kulala: nyumba salama, au familia iliyokaguliwa. Kama uko tayari kumpokea, mwambie afisa huyo waziwazi.

Lisilongoja ni hili: akidokeza kwamba amebakwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe. Na tafadhali, usimpigie baba wala mjomba wake kabla afisa hajajua mtoto huyu anamkimbia nani.