Kuondoa Udhia Njiani

Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha ya kuwa imani ina matawi mengi, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani.

Basi mtazame dereva wa bajaji aendaye kati ya Nachingwea na Ruangwa. Lori likiharibika, utingo hutia mawe nyuma ya magurudumu. Likitengemaa, huondoka na kuyaacha. Gari laweza kulipitisha jiwe katikati ya magurudumu yake. Bajaji haiwezi, kwani gurudumu lake la mbele li papo hapo katikati, nayo hupinduka upesi.

Huenda aliyeyaacha husali sana. Lakini abiria aliyevunjika mguu aijuaje sala hiyo?

Ewe mtafutaji wa dini, tawi la chini ndilo mkono hulifikia kwanza. Ukiona jiwe, simama pembeni kwa salama, uliondoe.