Muhogo, Mchikichi na Vinasaba: Kijitabu kwa Wakulima na Walaji wa Kasingirima

Ugali wa muhogo kwa dagaa au mgebuka ndicho chakula cha Kigoma. Hata mkazi wa Kasingirima asiye na shamba hununua unga wake sokoni. Kwa hiyo habari ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, maarufu kama GMO, inamhusu kila anayeketi kula, na inafaa aijue vizuri kabla ya kukubali au kukataa.

Mchikichi wa Tenera si GMO

Tuanze na miche ya michikichi ambayo wakulima wa Kigoma wamekuwa wakigawiwa tangu serikali ilipoanza kulisukuma zao hili kwa nguvu mwaka 2018. Tenera, inayozalishwa katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, ni mtoto wa michikichi miwili: Dura, ambao kokwa lake lina gamba nene, na Pisifera, usio na gamba. Mtaalamu huchukua chavua ya Pisifera na kuipeleka kwenye ua la Dura. Mtoto huzaliwa na gamba jembamba na nyama nyingi, na mawese huongezeka. Huko ni kuchavusha tu. Mbegu chotara za mahindi nazo hupatikana kwa njia hiyo hiyo.

Zao la GMO hutengenezwa kwa njia nyingine. Wataalamu huchukua kipande cha kinasaba, mara nyingi cha kiumbe wa jamii tofauti kabisa, wakakipandikiza ndani ya mmea ili kifanye kazi maalumu. Mahindi yaliyoanza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 yalikuwa na kinasaba cha bakteria wa udongoni, kwa lengo la kuvumilia ukame.

Kwa nini muhogo

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni adui mbaya kwa sababu hujificha. Majani yanaweza kuonekana mazima mwaka mzima, na mama akija kuchimba anakuta muhogo umeoza kwa ndani, una mabaka makavu ya kahawia, haufai kuliwa wala kuuzwa. Virusi vyake husambazwa na inzi weupe, na husafiri ndani ya pingili tunazopeana kwa wema. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Tanzania, katika kituo cha Amani, Tanga, miaka ya 1930.

Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walitengeneza muhogo uliowekewa vipande vya vinasaba vya virusi hivyo vyenyewe. Kwa vipande hivyo mmea huvitambua virusi vinapoingia na kuvikatakata kabla havijaongezeka. Juni 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa mazao hayo iliuruhusu utoke kwenye majaribio ya uzio na kuingia hatua za mbele. Kwa maoni yetu, hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote kwa upande wa GMO katika ukanda wetu: zao la maskini, na ugonjwa usio na dawa ya kupulizia.

Hatari za kweli

Hofu kwamba kula GMO ni kula sumu haina ushahidi. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya aina hiyo vilivyo kwenye soko la kimataifa vimepimwa na havielekei kudhuru afya. Lakini kila zao hupimwa peke yake, na kuna sababu. Miaka ya 1990 soya iliyopewa kinasaba cha njugu ya Brazili iligundulika kuwa ingewaletea mzio watu wanaodhurika na njugu hiyo. Ikaachwa kabla ya kufika sokoni, kwa kuwa ilipimwa.

Hatari zinazotusumbua zaidi ziko shambani na mfukoni. Afrika Kusini, funza wa mabua walizoea mahindi yaliyotengenezwa kuwaua. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya GMO mwaka 2008. Wadudu walipungua, lakini nyuzi zikawa fupi, bei ikaathirika, na mwaka 2016 nchi ikaamua kuiacha. Na mbegu inapokuwa na hati miliki, mkulima anayo haki ya kuuliza mapema kama ataruhusiwa kuhifadhi na kumgawia jirani yake.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa viumbe za 2009. Novemba 2018 serikali iliamuru majaribio ya GMO yasitishwe, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikarudia msimamo huo. Hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa nchini kibiashara. Mtu akikuuzia mbegu kwa jina hilo, toa taarifa kwa afisa ugani.

Msimu huu

Pingili usizichukue kwenye shina ambalo hujachimba muhogo wake. Chimba, kata muhogo vipande, angalia ndani. Ukiona kahawia, ng'oa shina lote, lisitoe mbegu. Pingili zinazovushwa kutoka Burundi au Kongo bila kukaguliwa zikatae, hata zikitoka kwa ndugu. Uliza kwa afisa ugani wa kata aina zinazovumilia ugonjwa, kama Kiroba, iliyopatikana bila kubadilishwa vinasaba, na ununue kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.