Maana na Asili ya Neno: Uchambuzi wa Neno "Kutu"

Katika mtihani wa Kiswahili, mtahiniwa anaweza kuombwa aeleze maana mbalimbali za neno, atofautishe polisemia na homonimia, au abainishe asili ya msamiati. Maswali haya huonekana mepesi, hasa kwa mtahiniwa wa Unguja. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwanafunzi wa Mji Mkongwe au Makunduchi husema kwamba lugha hii ni yake tangu kuzaliwa, kwa hiyo haina haja ya kusomwa. Lakini mtihani haupimi kusema tu. Unapima uwezo wa kueleza na kutoa ushahidi. Katika somo hili tutachukua neno moja la kila siku, kutu, na kulichambua hatua kwa hatua. Njia hiyo hiyo utaitumia kwa neno lolote utakalopewa.

1. Maana ya msingi

Maana ya msingi ni ile inayomjia msikilizaji kwanza, bila kuhitaji muktadha maalumu. Kwa neno kutu, maana hiyo ni: tabaka la rangi nyekundu-kahawia linalotokea juu ya chuma kinapokutana na hewa na maji, na ambalo hukila chuma hicho polepole.

Angalia kwamba fasili hii ina mambo manne: jinsi kutu inavyoonekana (tabaka la rangi nyekundu-kahawia), mahali inapotokea (juu ya chuma), sababu yake (hewa na maji) na matokeo yake (chuma huliwa). Fasili kama "kutu ni uchafu wa chuma" haitoshi, kwa kuwa vumbi na masizi pia ni uchafu, na unaweza kuvifuta chuma kikabaki kizima.

Chumvi huharakisha kutu. Ndiyo maana mabati ya mapaa ya Mji Mkongwe, yanayopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, huwa mekundu mapema kuliko mabati ya bara mbali na pwani. Nanga na minyororo ya vyombo vya baharini huathirika vivyo hivyo.

2. Maana zilizozaliwa na maana ya msingi

(a) Ugonjwa wa mimea. Wakulima wa kahawa huzungumzia kutu ya majani. Huu ni ugonjwa unaosababishwa na kuvu, na dalili yake ni unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Mwaka 1869 ugonjwa huu uliripotiwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Uliangamiza mashamba ya kahawa huko, na wakulima wakageukia chai. Ngano nayo ina kutu yake: aina moja ya kutu ya shina, inayoitwa Ug99, iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ndani ya jani hakuna chuma kinachooza. Jina limehama kutoka kwenye chuma hadi kwenye mmea kwa sababu ya mfanano wa rangi na wa madhara: vyote viwili huanza kwa madoa na kuishia kwa uharibifu.

(b) Kudhoofika kwa kukosa matumizi. Tunasema: "Hesabu zangu zimeingia kutu" au "Akili yake imeota kutu." Hapa neno limetumika kitamathali. Kinachofananishwa ni ujuzi ulioachwa bila kutumika na chombo cha chuma kilichotupwa uani.

Kwa kuwa maana hizi zote zina uhusiano unaoelezeka, neno kutu ni mfano wa polisemia: neno moja lenye maana zaidi ya moja zinazohusiana.

3. Polisemia si homonimia

Homonimia ni hali ya maneno mawili au zaidi kuwa na umbo moja huku maana zake hazina uhusiano. Mfano mzuri ni nondo. Kuna nondo, mdudu arukaye usiku, na kuna nondo, fito ya chuma ya kujengea. Vilevile kuna paa la nyumba na paa mnyama, kama paa nunga anayepatikana Jozani.

Upatanisho wa kisarufi husaidia kuondoa utata. Linganisha:

- Nondo ameingia chumbani. (mdudu)
- Nondo imeingia kutu. (chuma)
- Paa amekimbilia msituni. (mnyama)
- Paa limeingia kutu. (la nyumba)

Kutu ya chuma pia haina uhusiano na jina la Wakutu, watu wa mkoa wa Morogoro, ingawa mzizi wa jina lao una umbo hilo hilo. Hiyo ni homonimia ya mizizi.

4. Umbo na matumizi ya kisarufi

Kutu ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na kwa kawaida haihesabiki: kutu hii, kutu nyekundu, kutu imetanda. Silabi ku- si kiambishi. Usiichanganue kama kitenzi kutua, ambacho ni ku-tu-a, yaani shina -tua likiwa na kiambishi cha kitenzi-jina. Ukiondoa ku- katika nomino kutu, kinachobaki hakina uhusiano na maana ya neno. Kwa hiyo kutu lote ni mzizi mmoja.

Nomino hii haina kitenzi kilichonyumbuliwa kutoka kwayo. Huungana na vitenzi vingine: kuingia kutu, kushika kutu, kupata kutu, kuota kutu, kuliwa na kutu.

5. Asili ya neno

Msamiati wa madini katika Kiswahili una asili tofauti. Dhahabu, fedha na risasi yametoka Kiarabu. Hata msumari umetokana na neno la Kiarabu mismar. Chuma ni neno la Kibantu: umoja ni ki-uma na wingi ni vi-uma, hivyo tunapata chuma na vyuma. Kiganda kina ekyuma na ebyuma, umbo lile lile kwa maana ile ile.

Na kutu? Kwa Kiarabu kutu huitwa sadaa, kwa hiyo neno letu halikutoka huko. Halifanani pia na rust la Kiingereza, ambalo ni ndugu wa red, neno lenye maana ya "-ekundu". Silabi zake ni wazi, yaani konsonanti na irabu, kama ilivyo kawaida ya maneno ya Kibantu. Hata hivyo, muundo wa silabi peke yake hautoshi kuwa ushahidi: meza nalo lina silabi wazi, ilhali limetoka Kireno.

Jihadhari pia na mfanano wa bahati. Kwa Kimalei, kutu ni chawa. Kwa Kikongo, ambacho ni Kibantu kama Kiswahili, kutu ni sikio. Ili kudai kwamba maneno mawili yana asili moja, onesha mfanano wa umbo na wa maana kwa pamoja, kama ulivyoona kwa chuma na ekyuma.

6. Makosa ya kuepuka

- Kutoa mfano wa sentensi badala ya fasili. Toa fasili kwanza, kisha sentensi.
- Kuita kila neno lenye maana nyingi homonimia.
- Kutunga sentensi isiyobainisha maana. "Niliona kutu" haisaidii. "Nilipiga msasa geti ili kuondoa kutu" inasaidia.
- Kutaja asili ya neno bila ushahidi.

7. Maswali ya marudio

1. Tunga sentensi tatu kuonesha maana tatu za neno kutu.
2. Kwa nini kutu ya majani ni polisemia, lakini nondo ni homonimia?
3. "Paa limeingia kutu." Eleza jinsi upatanisho unavyoondoa utata katika sentensi hii.
4. Chambua neno kaa kwa kufuata hatua za somo hili.

Mwongozo wa swali la 2: Kutu ya majani inahusiana na kutu ya chuma kwa rangi na kwa madhara, hivyo ni neno moja lililopanua maana. Nondo mdudu na nondo ya chuma havina uhusiano wa maana, na hata upatanisho wake ni tofauti. Hivyo ni maneno mawili yaliyokutana umbo.