Maziwa Lala kwa Watoto wa Shule

Ndani ya maziwa lala mna vijidudu vyema. Vingine vya jamii yake vimeonekana kupunguza kuhara kunakoletwa na dawa za kuua viini. Lakini maziwa kuganda si kuua kila kiini kibaya: homa ya brusela yaweza kumpata mtoto kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa. Basi fanya hivi:

1. Chemsha maziwa mpaka yafure. Yapoe, yawe vuguvugu.
2. Kila lita tia vijiko viwili vya maziwa lala mazuri, yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa.
3. Funika katika chombo safi usiku kucha. Penye baridi, kama Kinangop, yataka muda zaidi.

Hata hivyo, maziwa lala si badala ya chanjo, choo na sabuni. Mtoto anawe mikono kabla ya kula.