Jinsi ya Kutambua Makaburi ya Askari wa Kijerumani katika Picha za Zamani

Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918, iliua askari wa Kijerumani wapatao milioni 2, na wengi wao walizikwa mbali na kwao. Mara nyingi wenzake marehemu walimchongea msalaba wa mbao, wakalipiga picha kaburi lake, na picha hiyo wakaipeleka kwa wazazi wake. Wazazi wakaitunza sandukuni mpaka wakafa. Leo wajukuu na vitukuu huikuta picha hiyo bila jina la mahali, nao huuliza: kaburi hili li wapi?

Swali hilo si la mchezo. Mtu akijibiwa kwa haraka, aweza kusafiri mbali akamlilia asiye wake, na aliye wake akakaa bila wa kumlilia. Kwa hiyo yafaa kujua jinsi picha ya namna hii isomwavyo. Kanuni yenyewe ni fupi: itafutwe kwanza siku ya picha, kisha mahali pake, wala isitegemewe alama moja peke yake.

MAANDISHI

Kazi huanza kwa kioo cha kukuzia. Kwanza itazamwe kama picha haikugeuzwa, maana picha za kale zilizotolewa katika vioo ziliweza kuchapwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Herufi zikisomeka kinyume, basi kila kitu pichani kimegeuka, hata mnara wa kanisa ulio nyuma ya makaburi.

Baadaye yasomwe maneno. "Hier ruht" maana yake ni "hapa amelala". "Gefallen", ambalo hufupishwa "gef.", maana yake ni kwamba mtu alikufa vitani. "Unbekannt" maana yake ni "asiyejulikana". Alama ya nyota mbele ya tarehe huonyesha siku ya kuzaliwa, na alama ya msalaba mdogo huonyesha siku ya kufa. Katika herufi za kale za Kijerumani, "s" hufanana sana na "f", na wengi wamekosea majina kwa sababu hiyo.

Namba ya kikosi ina faida kubwa. "I.R." ni rejimenti ya askari wa miguu, "R.I.R." ni rejimenti ya akiba ya askari wa miguu. Pengine namba hiyo yafaa kuliko jina lenyewe, maana majina hufanana, lakini rejimenti ilikuwa mahali pamoja panapojulikana katika siku inayojulikana. Neno "Bayer." huonyesha kwamba kikosi kilitoka Bavaria, nalo ni jambo la kuangaliwa, kama itakavyoelezwa mbele.

ALAMA ZA WAKATI

Zipo alama zinazosema wakati hata pasipo maandishi. Mwanzoni mwa vita Wajerumani walivaa kofia ya ngozi yenye ncha juu. Kofia ya chuma ilianza kutolewa mwaka 1916. Kwa hiyo kaburi lililowekewa kofia ya chuma halikupigwa picha kabla ya mwaka huo. Msalaba wa Chuma, ile nishani ya Wajerumani yenye mikono inayopanuka kuelekea nchani, ulichongwa katika mawe mengi. Ukiwa na taji na mwaka 1914, ni wa vita vya kwanza. Ukiwa na swastika na mwaka 1939, ni wa vita vya pili.

Tena, msomaji asidanganywe na misalaba mifupi minene ya mawe, iliyosimamishwa kwa vikundi, mara nyingi mitatu mitatu. Misalaba hiyo iliwekwa na Volksbund, shirika la Kijerumani la kutunza makaburi ya vita, lililoanzishwa mwaka 1919. Ni ishara tu ya kwamba mahali hapo ni makaburi. Haionyeshi kaburi la mtu fulani.

MAKABURI YALIYOHAMISHWA

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hudhani kwamba kaburi likichimbwa halihami tena, kumbe makaburi mengi ya vita hivyo yamehamishwa, na mengine zaidi ya mara moja. Baada ya vita, makaburi madogo yaliyotawanyika mashambani na penye viwanja vya makanisa yalikusanywa. Katika Ufaransa kulikuwa na misalaba mingi ya mbao yenye rangi nyeusi. Baada ya mapatano ya mwaka 1966 kati ya Ufaransa na Ujerumani, misalaba hiyo iliondolewa pole pole, ikawekwa ya chuma au ya mawe.

Katika Ubelgiji badiliko lilikuwa kubwa zaidi. Kufuata mapatano ya mwaka 1954, makaburi mengi ya Wajerumani yalifukuliwa, na mifupa ikapelekwa katika viwanja vichache: Langemark, Menen, Vladslo na Hooglede. Langemark wamelala askari wapatao 44,000, na zaidi ya nusu yao wamo katika kaburi moja la pamoja. Basi mtu mwenye picha ya kiwanja kidogo cha Ubelgiji ya mwaka 1917 asitumaini kukikuta kilivyokuwa. Mahali palipo pichani pengine sasa ni shamba, na marehemu yuko kwingine.

SANAMU ZILE ZILE, MAHALI MBALIMBALI

Mfano mwema ni wa Käthe Kollwitz, mchongaji na mchoraji maarufu wa Kijerumani. Mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, aliuawa katika Ubelgiji mwezi wa Oktoba 1914, akazikwa Roggevelde. Mama yake alijitaabisha miaka mingi kutengeneza ukumbusho, na mwaka 1932 sanamu mbili ziliwekwa katika makaburi ya Roggevelde: baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja peke yake na huzuni yake. Mwaka 1956 sanamu hizo zilihamishwa pamoja na makaburi, zikapelekwa Vladslo, walipo askari zaidi ya 25,000. Nakala yake iko Cologne, katika magofu ya kanisa la Mtakatifu Alban, tangu mwaka 1959.

Mtu akionyeshwa picha ya sanamu hizo, akajibu mara moja "Vladslo", aweza kukosea. Na atazame chini. Akiona misalaba ya mbao, picha ni ya Roggevelde, kabla ya mwaka 1956. Akiona mawe yaliyolazwa ardhini, kila jiwe lina majina ya askari 20, ni ya Vladslo. Akiona kuta za kanisa lisilo na paa, yuko Cologne. Sanamu ni zile zile. Kinachosema kweli ni vitu vilivyozizunguka.

Mambo kama hayo yamepata kutokea Afrika Mashariki pia. Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, yenye askari Mwafrika chini yake, ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji, waliiondoa; tangu mwaka 1922 ilisimama Hamburg, mpaka wanafunzi walipoiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Kwa hiyo picha ya sanamu hiyo yaweza kuwa ya Dar es Salaam, na yaweza kuwa ya Hamburg. Wala isichanganywe na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927.

KUTHIBITISHA

Jina na kikosi vikiisha kupatikana, yabaki kuthibitisha. Volksbund lina daftari kubwa la majina, ambalo mtu yeyote aweza kulitafuta kwa intaneti. Ziko pia orodha za askari waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, zilizochapwa na serikali ya Ujerumani wakati wa vita vya kwanza. Hati nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea mwezi wa Aprili 1945, Potsdam ulipopigwa mabomu. Lakini hati za jeshi la Bavaria zimehifadhiwa Munich. Ndiyo maana lile neno fupi "Bayer." lastahili kutafutwa kwa bidii.

Mwisho, jibu litolewe kwa kipimo cha ushahidi. Kama jina, kikosi, tarehe na mandhari vyote vyakubaliana, mahali na patajwe. Kama kimoja chakataa, na isemwe wazi kwamba neno halijathibitika. Jamaa waliongoja zaidi ya miaka 100 waweza kungoja kidogo tena. Lakini wakiisha kuambiwa jina la mahali pasipo pao, hawatatafuta tena.