Meza ya Jiko na Kabati: Tuanze Wapi?

Mama, siku bwana yako anasema, "Mwaka huu tutatengeneza jiko," furahi, lakini usiache yeye na fundi wa mbao wapange peke yao. Wao hawatwangi sombe humo. Wewe unajua mahali mgongo unauma, mahali kuku anapita, mahali mtoto anatambaa. Somo hili ni juu ya kuchagua vitu viwili: uso wa meza ya kazi, na kabati.

Tuseme kweli kwanza. Nyumba nyingi za kwetu Kivu ziko na kabati nzuri ya vioo ndani ya salo, imejaa sahani za wageni. Nenda nyuma, jikoni. Kisu kiko chini, sombe iko chini, na kuku anatembea katikati. Wageni wanafika mara moja moja, lakini mtoto wako anakula kila siku. Kama feza ni kidogo, ianzie jikoni.

Juu ya nini tunaogopa chini? Chini kunapita miguu inayotoka chooni, kunapita kuku na mbuzi, na mtoto mdogo anajisaidia hapo hapo. Mikrobi za kuhara hazionekani kwa macho, lakini zinashika kisu, zinaingia katika chakula, zinafika tumboni. Katika miji yetu ya kando ya ziwa, kama Goma, Uvira na Kalemie, kolera inarudi tena na tena, na inapita katika maji na chakula kilichochafuliwa. Kwa hiyo meza ni ya kwanza, kabati ni ya pili.

UCHAGUE USO GANI?

Ukichagua uso wa meza, uliza swali moja: nikimwaga maji na sabuni hapa, maji yatakwenda wapi?

Udongo unakunywa maji na kupasuka, na ndani ya ufa mende wanazaa. Mbao ni nzuri kama zimekauka, zimelainishwa kwa randa, na zimeshikana bila nafasi. Mbao mbichi za kaliptusi zinajipinda na kupasuka zikikauka. Maji ya nyama yanaingia ndani na kuoza. Libuyu na muvula ni bora, lakini bei yake unaijua. Ukinunua ubao mmoja tu wa namna hiyo, mzito, wa kukatia nyama, umefanya vizuri. Uwe na ubao mwingine kwa mboga na matunda yanayoliwa bila kupikwa. Baada ya kazi, sugua kwa sabuni na maji ya moto, simamisha juani mpaka ukauke.

Goma, baada ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na ile ya 2021, watu wamejengea mawe ya volkano. Kwa ukuta na kwa miguu ya meza yanafaa sana. Kwa uso wa meza hayafai, yana matundu mengi. Lazima yafunikwe na simenti.

Mimi, kwa jamaa iliyo na kipato kidogo, ninapenda simenti kuliko vingine vyote. Jenga kuta mbili fupi za matofali, mimina beto juu yake pamoja na vyuma ndani, maana bila vyuma itavunjika. Simenti ya kulainisha ichanganywe 1 kwa 3 na mchanga safi uliochekechwa. Mwambie fundi uso ushuke kidogo upande mmoja ili maji yatiririke. Kisha funika kwa magunia yenye maji muda wa siku 7. Mafundi wengi hawangoji. Ndiyo maana simenti yao inageuka unga kwa mwaka mmoja. Ukimwaga ndimu au tomate, osha upesi, juu ya ukali wake unakula simenti. Karo ni nzuri pia, lakini uchafu unajificha katika viungo vyake, na feza ya karo inatosha kabati nzima.

Urefu usikate kwa macho. Simama wima, kunja mkono: uso uwe chini ya kisukudi chako kiasi cha upana wa kiganja, au zaidi kidogo. Mwenye mimba atashukuru sana. Usitandike nguo inayoning'inia pembeni, mtoto ataivuta na sufuria ya moto itamwangukia.

Nje, tengeneza kichanja cha mianzi kwa kukausha vyombo. Jua linakausha vizuri kuliko kitambaa kilichopangusa mikono ya watu wote.

KABATI

Wamama wananiambia, "Siko na feza ya kabati." Kabati ya jikoni haiombi vioo. Sanduku lenye miguu, lenye mlango unaofunga kabisa, pande zake za wavu mwembamba wa chuma, latosha. Wavu unapitisha hewa na kuzuia nzi na panya. Unga, mahindi na karanga viwekwe vikiwa vimekauka kabisa, juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Karanga yenye kuvu usiipe hata kuku. Sumu yake inaharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Miguu ya kabati wengi wanaiweka ndani ya mikebe ya maji kuzuia sisimizi. Maji hayo yanazaa mbu! Weka majivu. Mafuta machafu ya motere yanazuia mchwa, lakini paka kwenye miguu tu, si mahali chakula kinagusa. Tena kumbuka, kabati haipoezi chakula. Bugali na mboga za jana zinahitaji kuchemshwa tena mpaka zitoe mvuke katikati.

Sasa sikia vizuri. Petroli ya taa, soda ya kutengenezea sabuni, na dawa ya panya zisikae katika kabati hiyo hata siku moja, wala katika chupa ya Fanta. Mtoto anajua chupa ya Fanta. Mwombe fundi sanduku dogo la pili, la kufungwa na kufuli, lipigwe juu ukutani, mbali na moto.

Na kama mtoto amekunywa petroli, usimtapishe. Usimpe mawese wala maziwa ili atapike. Petroli ikirudi juu inaingia katika mapafu, na hapo ndipo inaua. Soda vile vile, ikirudi inaunguza koo mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi na mdomo kwa maji mengi, na umlete hospitali saa ile ile, hata kama anacheza, juu ya kikohozi na kuhema vinaweza kuanza saa kadhaa nyuma. Ile chupa, uilete pamoja naye.