SOMO: SHANGA ZA KARATASI NA HESABU YA JASHO



Somo letu safari hii linatoka kwa jirani zetu wa Uganda. Huko Kampala, upande wa Kireka, upo mtaa wa Waacholi. Kina mama wengi wa pale walikimbia vita vya kaskazini vilivyoanza miaka ya 1980, wakaishia kuponda kokoto machimboni. Baadhi yao wakapata kazi nyingine: kutengeneza shanga kwa karatasi zilizotupwa.

Kalenda kuukuu au gazeti lenye rangi hukatwa vipande virefu vya pembe tatu. Kila kipande huviringishwa kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, ncha ikabandikwa kwa gundi. Shanga huchovywa katika vanishi, huanikwa, huchovywa tena. Yaonekana mchezo wa watoto, jaribuni kwanza! Na vanishi ina harufu kali, ifanyiwe nje, si chumbani.

Tangu 2004 shirika la BeadForLife liliuza shanga hizo Marekani. Ng'ambo wapo wanunuzi wanaotaka mavazi na mapambo yasiyoharibu mazingira, yaani kilichotupwa kirudi kuvaliwa. Ni jambo jema, wala hatulibezi. Lakini mkufu uliotokana na taka waweza pia kutokana na jasho la bure.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Mkufu una shanga 120, na mama huviringisha 30 kwa saa: saa 4. Kukata, kuchovya na kutunga, saa 2 zaidi. Analipwa shilingi 6,000 za Uganda. Gundi, vanishi, uzi na nauli ni 2,400. Zinabaki 3,600, yaani 600 kwa saa. Wachuma chai mnalijua hili: unalipwa kwa kilo, lakini muda wa kungoja mizani hauhesabiwi.

Anayefanyia nyumbani kazi ya kuagizwa na mwajiri, kwa ujira, ni mfanyakazi kama sisi. Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1996, unataka atendewe sawa na wengine katika malipo, katika usalama na afya kazini, na katika haki ya kujiunga na chama.

Wenye kazi za namna hii majumbani, iwe shanga, vikapu au ushonaji, waandike kwenye daftari kwa wiki mbili: saa, gharama, malipo. Walete daftari hizo kwenye mkutano wa tawi.